Paa la Chaki

Kila asubuhi kabla ya shule, Latsamy alimbebea mama yake ubao mpaka kwenye gati la kivuko. Mama yake, Bi Sengdao, alikuwa akibadilisha fedha pale chini ya mwavuli: kip zetu za Laos kwa baht za Thailand, iliyo ng'ambo ya mto Mekong. Kazi ya Latsamy ilikuwa kufuta bei ya jana na kuandika ya leo. Mwaka ule wa 1998 alifuta mpaka ubao ukapauka. Mwezi wa Aprili, kwenye sherehe za mwaka mpya, baht moja ilipatikana kwa kip sitini. Shule zilipofunguliwa Septemba, ilikuwa tisini.

"Benki Kuu hiyo inapita," wavulana wa darasa letu walimtania akiingia na vidole vyeupe. "Latsamy, leo mimi nauzwa bei gani?"

"Wewe hata bure hawakuchukui," alijibu, akakaa.

Alikaa pembeni ya dimbwi. Paa letu la nyasi lilikuwa limeoza, na mvua ilipoanza tulihamisha madawati kama watu wanaokimbia mafuriko. Fedha za mabati zilikuwepo. Kijiji kizima kilichanga siku ya mwaka mpya, na kama ilivyo desturi yetu, noti zilibanwa kwenye vijiti vya mianzi, vijiti vikachomekwa kwenye shina la mgomba, ukawa mti wa fedha. Ulisimama hekaluni mbele ya sanamu ya Buddha, na wazee waliweka nadhiri kwamba hautaguswa mpaka ubarikiwe Oktoba, siku watawa wanapomaliza mfungo wao wa mvua. Lakini mabati yaliuzwa ng'ambo, kila bati baht mia moja.

Latsamy alimwendea Mzee Thongdam, mwenyekiti wa kijiji na ndugu mkubwa wa baba yake. Alimkuta na wazee wenzake, akapiga magoti na kukutanisha viganja.

"Baba Mkubwa, fedha za mti zinapungua."

"Nani kazigusa?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyezigusa, halafu zimepungua. Zimeota miguu?"

Wazee wakacheka. Mzee Thongdam akawapeleka wote hekaluni, akahesabu mbele yao noti moja moja palepale mtini. Zilikuwa kip laki tatu na sitini elfu, kamili kama zilivyowekwa.

"Umeona? Noti ni zilezile. Kalale."

"Noti ni zilezile, lakini mabati si yaleyale. Mwaka mpya zilitosha kununua sitini, leo ni arobaini."

"Una umri gani wewe?"

"Kumi na miwili."

"Basi nyamaza kama mtu wa miaka kumi na miwili."

Alinyamaza, ndiyo. Lakini kesho yake tulikuta paa kubwa limechorwa kwa chaki kwenye ukuta wa mbao wa shule, upande unaotazama njia ya hekaluni. Lilikuwa na mabati sitini, na ishirini kati yake yamefutwa, yakabaki madoa tu. Mwenyekiti akaagiza lifutwe kwa kitambaa kibichi. Bei ilipofika tisini na nne, paa likarudi na mabati thelathini na manane. Likafutwa tena.

"Acha, mwanangu," Bi Sengdao alimwambia kwa hofu. "Yule ni mkubwa wako. Watu watasema sikukulea."

"Mama, ulinifundisha kuandika bei ya kweli hata mteja akinuna. Nimeandika."

Asubuhi ambayo bei ilifika mia moja, Mzee Thongdam alimvizia mwenyewe. Alimkuta bado ana chaki mkononi.

"Futa."

"Sifuti, Baba Mkubwa." Hakusogea. "Nikifuta chaki, mabati hayarudi. Yamebaki thelathini na sita. Tukingoja Oktoba, utayahesabu mwenyewe."

Wakati huohuo watawa walikuwa wanarudi kutoka kupokea chakula, wamefuatana peku. Mtawa mkuu akasimama mbele ya ukuta. Wote wawili wakapiga magoti.

"Nimepita hapa siku nyingi nikiona paa hili linapungua," alisema. "Nilidhani mtoto anacheza. Thongdam, mliweka nadhiri ya kujenga paa, au ya kungoja tarehe?"

Mzee Thongdam aliutazama ukuta. "Ya paa, Mheshimiwa."

"Basi leteni watu. Nitaubariki mti baada ya kula."

Mchana huo noti zilichomolewa. Mzee Thongdam alivuka mto pamoja na Bi Sengdao. Walirudi na mabati thelathini na sita, hata moja halikuzidi. Yalitosha madarasa ya wadogo na nusu ya letu. Nusu nyingine ilibaki na nyasi zake mbovu.

Siku ya kuzindua paa mvua ilinyesha. Wazazi wote walijibana chini ya bati, lakini Mzee Thongdam alikaa kwenye dawati la Latsamy, chini ya nyasi. Maji yalimdondokea begani.

"Baba Mkubwa, sogea huku pakavu," Latsamy alimwambia.

"Sisogei." Akasimama, akatugeukia sisi wanafunzi. "Sikieni. Kumheshimu mkubwa ni vizuri, na huyu hakunitukana hata siku moja. Aliniambia ukweli akiwa amepiga magoti, na nilipomkataza akausema tena. Nanyi fanyeni hivyo. Na sisi wakubwa, mtoto akituonyesha hesabu, tuitazame hesabu. Mimi nilimuuliza umri."

Akajifuta shingo, akakaa tena palepale.

"Mabati ishirini na manne yaliyopotea tukingoja," alisema. "Hayo ni yangu. Nitakaa hapa mpaka niyalete."