Mafuta Gani, Shemeji?

Kila asubuhi nyumba ya Mama Mapacha iliamshwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani lake pale barazani. Ya pili ilikuwa ya Kikongwe akikataa kuwaka.

Kikongwe lilikuwa jina la gari, na majirani ndio waliompa. Rangi yake ilikuwa imebabuka. Mlango mmoja ulikuwa mwekundu, mingine ya kijivu. Baba Mapacha, ambaye kazi yake ilikuwa uashi, alilinunua kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Tangu hapo, kila akitoka kazini alivua viatu vyenye saruji, akavaa ovaroli na kuingiza kichwa chini ya boneti. Alijifundisha mwenyewe. Alibadilisha plagi, akasafisha vichwa vya betri, akaziba tundu la rejeta. Kila alipofaulu, alimwita mkewe.

"Mama Mapacha! Njoo usikie injini inavyoimba!"

"Inaimba au inakohoa?"

"Inaimba kwa kukohoa. Ndiyo sauti yake."

Mama Mapacha alicheka. Alipenda kumwona mumewe hivyo. Maisha yake yote alijenga kuta za watu wengine. Kikongwe alikuwa wake.

Siku hizo mama mzazi wa Baba Mapacha alikuwa amekuja kukaa nao. Watu wote pale nyumbani walimwita Bibi. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu, na jingine lilianza kulifuata. Hospitali ilikuwa bondeni, chini ya mteremko mrefu unaopita mbele ya shule. Bibi alikuwa amepangiwa siku ya kuonwa na daktari.

"Mama yangu hatapanda gari la kukodi," Baba Mapacha alisema. "Nitampeleka mwenyewe, kwa gari langu."

Wiki hiyo hiyo taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi. Baba Mapacha alimuuliza mwashi mwenzake.

"Hayo ni mafuta ya breki yamepungua," mwenzake alimjibu. "Ongeza tu."

Aliporudi nyumbani alifungua boneti na kutafuta kikopo cha breki. Kweli, kilichokuwamo kilikuwa kimeshuka. Kifuniko kilikuwa na herufi, lakini zilifunikwa na masizi, naye hakuhangaika nazo. Stoo kulikuwa na galoni ya oili ya injini, mpya, yenye rangi ya asali. Akamimina mpaka juu. Taa ikazimika.

"Umeweka nini?" Mama Mapacha aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Mafuta."

"Si yale ya injini?"

"Mafuta ni mafuta, mke wangu. Yote yanalainisha."

Mama Mapacha alitaka kusema neno. Cherehani lake halikutiwa mafuta ya kupikia, hata siku moja. Lakini magari hakuyajua. Akainamisha kichwa, akaendelea kushona pindo.

Jioni ya kuamkia siku ya hospitali, Baba Mapacha alimpeleka mkewe uwanjani kumfundisha kuendesha. Uwanja ulikuwa mpana na mtupu. Mama Mapacha aliendesha polepole, akakanyaga breki, akaachia. Akakanyaga tena.

"Baba Mapacha, hii pedali hairudi vizuri."

"Inarudi."

"Inarudi kwa kujivuta. Kama mtu anayeamshwa usingizini."

"Mguu wako umezoea cherehani. Hili ni gari!"

"Ndiyo. Mguu wangu umekanyaga pedali tangu sijaolewa. Nakwambia hii inakwama."

Baba Mapacha alicheka, akakaa yeye kwenye usukani. Walipokuwa wakirudi, hata yeye aliona tofauti. Gari lilikuwa zito. Ilikuwa kana kwamba mtu amelishika nyuma. Kisha harufu ikaingia dirishani.

"Kitu kinaungua," alisema Mama Mapacha. "Kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo."

"Ni uzee wa Kikongwe," Baba Mapacha alisema. Lakini safari hii hakucheka.

Jirani yao alikuwa nje akiosha basi la shule. Mtaa mzima walimwita Dereva. Kabla ya kushika usukani, mama huyu alifanya kazi karakana kwa miaka mingi. Alipoona Kikongwe akiingia na moshi mwembamba ukitoka gurudumu la mbele, aliacha ndoo yake akaja. Akanyunyizia gurudumu maji kidogo kwa ncha za vidole. Maji yakafanya chwaa, yakakauka.

"Shemeji, umelipika gurudumu. Uliweka nini kwenye breki?"

"Mafuta."

"Mafuta gani, shemeji?"

"Mafuta ya breki, basi. Yalipungua, nikaongeza."

"Nionyeshe ulikoyatoa."

Baba Mapacha alileta galoni. Dereva aliitazama, akaiweka chini taratibu.

"Hii ni oili ya injini," Dereva alisema. "Jina ndilo lililokuponza. Wengi wanasema mafuta ya breki, na mtu akisikia mafuta anatia mafuta. Mimi huyaita maji ya breki. Na hilo nalo si salama, maana namjua mmoja aliyetia maji ya bomba!"

Bibi alicheka kutoka barazani. Baba Mapacha hakucheka.

Dereva alichukua kitambaa, akafuta masizi kwenye kifuniko cha kikopo. Herufi zikatokea.

"Soma hapa, Mama Mapacha."

Mama Mapacha aliinama. "D. O. T. Halafu namba tatu."

"Basi. Usifuate jina la mtaani, fuata kifuniko. Chupa unayonunua iwe na herufi hizo na namba hiyo. Iwe mpya, haijafunguliwa."

"Lakini oili nayo ni nzuri," Baba Mapacha alisema kwa sauti ndogo. "Inafanya ubaya gani?"

"Ukikanyaga pedali, maji ya breki yanasukumwa ndani ya paipu mpaka kwenye magurudumu. Njiani kuna vipira vidogo. Vipira hivyo vimetengenezwa kuishi na maji ya breki. Vikikutana na oili vinavimba, kama maharage yaliyolowekwa. Vikivimba vinakwama. Breki inashika na haiachii, gurudumu linachemka. Mwishowe vinaharibika kabisa. Siku hiyo unakanyaga mpaka chini na gari linaenda tu."

Mama Mapacha aliwaza juu ya ule mteremko. Akawaza geti la shule.

"Kesho nina safari na mama," Baba Mapacha alisema. "Ni siku moja tu. Nitakwenda polepole."

"Shemeji, ule mteremko hata gari lililozimwa linaushuka lenyewe."

"Nitatumia gia ndogo. Nitashika na breki ya mkono."

Mama Mapacha aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Nilinyamaza kwa sababu sikujua," alisema. "Sasa najua. Ufunguo siutoi."

"Mama Mapacha, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu na nyuma yao."

Bibi akakohoa kidogo. "Mwanangu, nitafutie teksi. Nataka kumwona daktari kwanza, malaika baadaye."

Baba Mapacha aliketi kwenye ngazi, mikono yake yenye grisi magotini. Mama Mapacha alikaa karibu naye.

"Nilitaka mama ashuke pale hospitali kwenye gari la mwanawe," Baba Mapacha alisema.

"Atashuka. Lakini siyo kesho."

"Nimeliharibu mwenyewe."

"Ile radio ya kaka yako uliyojifunzia utotoni, uliiharibu mara ngapi kabla hujaiweza? Tofauti ni kwamba radio haibebi mtu."

Baba Mapacha alitabasamu bila kutaka.

Kesho yake Bibi alikwenda kwa teksi. Daktari alisema ukungu ule ungeondolewa kwa upasuaji mdogo, akampangia siku nyingine ya kurudi. Baba Mapacha akaenda kwa Dereva, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Dada Dereva, nifundishe. Sitaki unifanyie. Nataka kujua."

"Vizuri. Lakini sikia. Plagi na betri unaweza kujifunzia peke yako. Breki unajifunza ukiwa na mtu anayeijua pembeni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Walianza siku ya mapumziko. Kwanza Dereva alimfanya aweke mawe nyuma ya magurudumu. Gari lilipoinuliwa kwa jeki, hakumruhusu kuingiza hata mkono chini mpaka liketi juu ya stendi za chuma.

"Jeki ni ya kuinulia," alisema. "Stendi ndiyo ya kushikilia."

Walitoa maji yote yaliyochanganyika na oili. Walifungua masta silinda, ile pampu iliyo chini ya kikopo, na breki za magurudumu. Vile vipira vilikuwa vimevimba na kulegea. Mama Mapacha alikibonyeza kimoja kwa kucha, kikapasuka.

Walivitupa vyote, pamoja na mipira mirefu inayounganisha paipu na magurudumu. Paipu za chuma walizisafisha. Kisha Dereva akatoa pedi za mbele, vile vibao vinavyobana ili gurudumu lisimame, akazionyesha. Zilikuwa zimelika, nyembamba kama bati.

"Unaona, shemeji? Breki haili maji yake kama injini inavyokula oili. Yakishuka, uliza yamekwenda wapi. Ama pedi zimelika, ama kuna mahali panavuja. Ile taa ilikuwa inakuita uje utazame. Wewe ukaiziba mdomo."

Walipofunga vipira, mipira na pedi, vyote vipya, na kujaza maji ya breki, ilibaki kutoa hewa. Kazi hii inataka watu wawili. Mama Mapacha alikaa kwenye usukani. Mumewe alilala karibu na gurudumu na spana, Dereva akisimamia.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!" Baba Mapacha akafungua nati ndogo ya kutolea hewa. Maji yakatoka na mapovu, yakaingia kwenye chupa. "Usiachie mpaka nikwambie nimefunga!"

"Achia!" ilisema sauti.

Mama Mapacha akaachia.

"Nani kasema achia?" Baba Mapacha alipiga kelele. "Hewa imerudi ndani!"

"Nilikuwa namwambia kuku," Bibi alisema barazani. "Kashika kitambaa changu."

Dereva alicheka mpaka akashika boneti. Wakaanza upya. Gurudumu moja baada ya jingine, mpaka mapovu yakaisha na pedali ikawa ngumu.

"Inarudije?" Baba Mapacha alimuuliza mkewe.

Mama Mapacha alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Safari hii mumewe alingoja jibu bila kuchekacheka.

"Inarudi na mguu," alisema.

Hawakukimbilia barabarani. Walijaribu uwanjani, polepole kwanza, kisha kwa mwendo zaidi. Dereva aligusa kila gurudumu. Yote yalikuwa na joto la kawaida. Akatazama chini kama kuna tone. Hapakuwa na tone.

Siku ya upasuaji ilipofika, Baba Mapacha alifungua boneti kabla ya chai. Alitazama kikopo cha breki, akafunga. Bibi alikaa nyuma na mfuko wake wa nguo. Mama Mapacha alikaa mbele.

Mteremko ulianza. Kikongwe alishuka kwa gia ndogo, akikohoa. Walipokaribia shule, mpira ulitoka getini ukadunda barabarani, na mtoto akaufuata mbio bila kutazama huku wala huku.

Baba Mapacha alikanyaga. Kikongwe aliinamisha pua, akasimama. Mtoto aliuokota mpira, akawatazama kwa macho makubwa, akarudi getini mbio.

Mama Mapacha aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe kwenye usukani, akauacha pale.

"Mbona tumesimama?" Bibi aliuliza. Hakuwa ameona kitu.

Baba Mapacha alitazama pedali chini ya mguu wake.

"Tumesimama kwa sababu tumetaka, mama."

"Haya," Bibi alisema. "Basi twende."