Metroni Hapendi Wachumba

Siku ya mwisho ya kupokea maombi, ukumbi wa chuo ulijaa wauguzi mpaka ungedhani hospitali zote zimefungwa. Wengine walikuwa bado na sare za zamu, wengine wamevaa magauni ya kutokea, na kila mmoja alikuwa amekumbatia bahasha ya vyeti kama mtoto mchanga. Wembe alisimama katikati yao akiwadharau wote bila upendeleo. Jina la Wembe alipewa na wagonjwa wa wodi ya upasuaji kwa sababu ya ulimi wake, na yeye hakuwahi kulikataa.

Alipofika dirishani, karani mwenye kucha ndefu za kubandika alizipekua karatasi zake kana kwamba zimeokotwa jalalani.

“Stashahada ya uuguzi, sawa. Usajili upo. Leseni haijaisha muda. Uzoefu wa kazi, zaidi ya tunaoutaka.” Akainua uso. “Kemia ya sekondari umeanguka, sista.”

“Nilianguka nikiwa mtoto. Tangu hapo nimefunga vidonda vya watu wazima, na hakuna kidonda kilichoniuliza habari za kemia.”

“Shahada inataka kemia. Rudia mtihani, mwakani ulete matokeo pamoja na ruhusa ya mwajiri. Anayefuata.”

Anayefuata alikuwa anacheka. Alikuwa mwanamume mrefu aliyekuja kuulizia nafasi ya shahada ya pili, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, viatu vinang'aa, na marashi ya kumfikia mtu wa mwisho kwenye foleni.

“Kemia ni rahisi kuliko hasira zako, sista.”

“Na wewe ndiye nani, mjomba wake?”

“Mwalimu wake. Nafundisha masomo ya jioni, nyuma ya stendi.”

“Na mshahara wote unaishia kwenye pasi?”

“Unaishia kwenye marashi. Pasi napiga mwenyewe.”

Wembe alisonya, lakini tayari alikuwa anacheka, na hilo lilimuudhi njia nzima mpaka nyumbani.

Alijiandikisha kwa mwalimu huyo kwa sababu hakukuwa na mwingine karibu na hospitali. Akawa anatoka zamu na harufu ya dawa za kusafishia vidonda, anakaa dawati la nyuma na watoto waliotoka shule juzi, anamtazama Mwalimu akijitazama kwenye kioo cha dirisha kila anapofuta ubao. Mwanamume wa kujitazama hivyo, aliona, hafai hata kushika ndoo ya maji. Alimdharau kwa moyo wote, na ndiyo maana alichelewa kugundua kwamba anampenda.

“Umekula?” Mwalimu alikuwa akiuliza kwenye simu.

“Hilo ni swali la kemia?”

“Ni swali la mtu anayekukumbuka.”

“Mtu huyo hana madaftari ya kusahihisha?”

“Anayo, mpenzi. Yote yana makosa. La kwako tu ndilo lina matusi pembeni.”

Kemia alifaulu, tena vizuri. Mwalimu alimnunulia ua moja jekundu, akampa mbele ya darasa zima, na Wembe akamwambia linafanana na yeye, halina kazi. Usiku ule aliliweka kwenye glasi ya maji. Baadaye kidogo, kwenye benchi la nje ya hospitali, Mwalimu akamuuliza kama atakubali kuolewa naye, na Wembe akasema ndiyo kabla ya kupata muda wa kutafuta maneno makali.

“Ila jambo moja,” aliongeza. “Shangazi yako asijue mpaka niwe na ruhusa mkononi.”

Shangazi yake Mwalimu alikuwa ndiye metroni wa hospitali, na ruhusa za masomo zilipita mezani kwake. Kila wodi ilitoa muuguzi mmoja kwa mwaka, na metroni alikuwa na desturi yake ambayo haikuandikwa popote na ambayo kila mtu aliijua: msichana mwenye mchumba hapewi. Alisema huyo ataondoka mara mbili, mara ya kwanza kusoma na mara ya pili kuzaa, na wodi haiwezi kubeba matanga mawili ya mtu mmoja.

“Mdomo wangu ni kaburi,” alisema Mwalimu.

Kaburi gani. Haikupita hata wiki, asubuhi ya kukabidhiana zamu, metroni aliingia wodini na miwani yake ya kamba, akasikiliza taarifa ya wagonjwa mpaka kitanda cha mwisho, kisha akatangaza kwamba mwaka huu atakayekwenda kusomea shahada ni kaka mmoja, muuguzi wa zamu ya mchana. Kaka huyo alikuwa mgeni kazini kuliko Wembe, na kadi ya harusi yake ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa wodi.

“Metroni,” alisema Wembe, “na huyu naye anaoa.”

“Anaoa. Hazai.” Metroni alikunja miwani yake. “Hongera, mkwe.”

Wodi nzima ikajifanya inahesabu shuka. Wembe alikwenda kulia kwenye choo cha wafanyakazi, huku akijidharau kwa kulia, na jioni alimkuta Mwalimu akifuta ubao, darasa tupu.

“Ulimwambia.”

“Mpenzi, nilikuwa na furaha. Mama aliniuliza mbona nacheka peke yangu, shangazi alikuwa pale, mdomo ukaniponyoka.”

“Nilikuomba jambo moja tu duniani.”

“Najua. Lakini ni mwaka mmoja tu. Mwakani utakwenda, tutakuwa tumeshaoana, tumetulia.”

Wembe alimtazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kola. Mdomo kuponyoka angeweza kuusamehe. Lakini huo “mwaka mmoja tu”, uliosemwa kirahisi na mtu aliyemwona akisinzia juu ya daftari baada ya zamu, ulimkata mahali pabaya.

“Kumbe ulikuwa unafundisha bila kuona unayemfundisha,” alisema. “Usinipigie simu. Ukinipigia nitampa mgonjwa aipokee.”

Mwalimu alipiga. Mzee mmoja aliyevunjika mguu alipokea, akamshauri atafute mwanamke mpole.

Kisha simu zikakoma, na Wembe akaona kimya hicho ndicho kinachouma zaidi. Alikuwa katikati ya kimya hicho metroni alipomwita ofisini.

“Funga mlango. Mtoto wetu alikuja Jumapili, ukoo mzima tumekaa, akasimama akasema umemkataa. Akalia, mwanamume mzima. Presha ya mama yake haijashuka mpaka leo. Ni kweli?”

Mtu asiyekwenda kununua chumvi bila kujitazama kwenye kioo alikuwa amesimama mbele ya baba zake wakubwa na wadogo, akajidhalilisha kwa mdomo wake mwenyewe.

“Nilimwambia asinipigie simu,” alijibu Wembe.

“Basi harusi hakuna.” Metroni alivuta karatasi, akatia saini. “Utakwenda wewe. Yule kaka atasubiri. Wewe umemtangulia kazini, hilo kila mtu analijua.”

Kumbe metroni alilijua hata asubuhi ile alipomtangaza kaka. Dharau ilimpanda Wembe mpaka kooni, akaimeza, maana muhuri ulikuwa bado haujagongwa.

Alimpigia Mwalimu akiwa koridoni, machela zinapita.

“Nani alikutuma useme nimekukataa?”

“Hakuna. Mdomo ulikuharibia, nikaona mdomo huohuo ulipe.”

“Na wao walisemaje?”

“Mama anasema una roho mbaya. Mjomba anasema hata sura huna. Na shangazi ameshaanza kunitafutia mwingine, hodari wa kupika.”

“Na wewe?”

“Nililia. Nilidhani nitaigiza, nikajikuta nalia kweli. Ule mwaka mmoja tu... nisamehe, Sista wangu. Sikujua ninachokisema mpaka nilipokaa siku chache bila sauti yako.”

Wembe aliegemea ukuta. Alimpenda mtu huyu, akachoka kujifanya vingine. “Nimekusamehe.”

“Sasa nimekataliwa, au sijakataliwa?”

“Kwenu umekataliwa mpaka nimalize chuo, na ole wako wakuone unatabasamu. Jumamosi nakuja kwako.”

“Kuja kama nani?”

“Mwanamke mwenye roho mbaya asiye na sura. Na siku ya mahafali utanichumbia pale pale ukumbini, shangazi yako akiwa kiti cha mbele. Nitakubali kwa sauti mpaka walio nje wasikie.”

“Akiuliza mbona ulinikataa?”

“Nitamwambia sikukukataa wewe,” alisema Wembe. “Nilimkataa yeye.”