Kasuku na Mkoromo wa Baba

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, fundi seremala alijitupa kwenye kochi na kukoroma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Binti yake wa darasa la sita aliitwa Kasuku kwa jinsi alivyojua kuigiza sauti za watu. Shuleni wenzake hawakumwacha apumzike.

"Kasuku, washa trekta!"

Naye aliwasha mkoromo wa baba: krrr, krrr, kimya, halafu "hhhaaa!" Wote wakavunjika mbavu.

Nyumbani, mkoromo ukikatika, mama alishusha pumzi. "Afadhali. Sasa amelala kweli."

Alale wapi, maskini! Siku moja karakanani fundi alisinzia akiwa amesimama, mkono ukaenda kwenye msumeno wa umeme. Vidole viwili vikakatika.

Hospitalini daktari, aliposikia kwamba fundi alisinzia kazini, aliuliza, "Usiku analalaje?"

"Anakoroma tu, kama wanaume wote," mama alijibu.

Kasuku, huku machozi yakimtiririka, aliigiza. Alipofika kwenye kimya, daktari aliinua mkono. "Hapo! Kimya hicho ni kirefu hivyo?"

"Ni kirefu zaidi. Huwa ninakifupisha, wenzangu wasichoke."

Daktari alichukua mrija wa karatasi uliolowa, akaufyonza. Ukabanana, hewa isipite.

"Koo ndilo hili," alisema. "Tukilala, hulegea. Likilegea kidogo hutetemeka, ndio mkoromo. Likilegea sana, na shingo nayo ni nene, hujifunga kila mara mtu anapovuta hewa. La baba yako hujifunga kabisa. Kile kimya si usingizi, binti. Anakosa hewa, mwili unamgutusha usiku kucha, ndiyo maana mchana anasinzia."

"Atapona?"

"Vidole ndiyo basi. Kuna mashine ya kusukuma hewa ili koo libaki wazi, lakini foleni yake ni ndefu mno. Kwa sasa alale ubavu na apunguze mwili."

Jumapili iliyofuata, baba alilala ubavu, mto mgongoni, mkono umefungwa bendeji. Usingizini akajigeuza chali. Mkoromo ukakatika.

"Baba! Geuka, baba!" Kasuku alimsukuma kwa nguvu zake zote. Baba akageuka, hewa ikaingia.

"Mama, kwani itakuwa hivi kila siku?"

"Mpaka mashine ipatikane. Kama itapatikana." Mama alikaa chini kando yake. "Mwili wa mtu ukilia, mwanangu, usiuchekee. Sema kwa anayeweza kutibu. Sisi mkoromo huu tuliwasimulia majirani na wenzako shuleni. Tungemsimulia daktari, leo baba yako angekuwa na vidole vyake."