Mume Wangu Alinirekodi Nikianguka Kifafa

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Nilifumbua macho nikiwa sakafuni jikoni, na mume wangu alikuwa amesimama juu yangu akinirekodi kwa simu.

Hakulia. Hakuita jirani. Alikuwa anarekodi!

"Dakika mbili na nusu," alisema, kisha akazima simu.

Mdomo wangu ulikuwa na damu. Nilikuwa nimejiuma ulimi.

Naitwa Kavutha, ndugu msomaji. Nina kifafa tangu darasa la saba. Napima saruji katika maabara ya kiwanda kimoja Athi River. Kazi yangu inanitaka niamini kipimo, si hisia. Kwa miaka minne nimemeza lamotrigine, dawa ya kifafa, asubuhi na jioni, na kwa miaka minne sikuanguka hata mara moja.

Sasa hii ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki saba.

Ya tatu!

"Ulikuwa unarekodi nini?" nilimuuliza mume wangu, Mwendwa.

"Utaona Alhamisi kwa daktari."

"Kwa daktari ama kwa mama yako?"

Akatia simu mfukoni. Nikaliweka hilo akilini.

Mama yake, ambaye namwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, hajawahi kuficha anachotaka. Kila Jumapili anatoka Wamunyu kuja kwetu Katelembo, na huangalia tumbo langu kabla ya uso.

"Kavutha, bado tu?"

"Bado, Mwaitu."

"Ama ni hizo tembe zinafukuza mtoto? Mwendwa, hebu ziangalie hizo tembe za bibi yako."

Alisema hivyo mwishoni mwa Februari. Machi tarehe ishirini na tatu nikaanguka mara ya kwanza.

Wewe ungefikiria nini?

Jioni ya Jumatatu ile nilihesabu dawa zangu. Vidonge vilivyopaswa kubaki ni thelathini na nane. Vilikuwa thelathini na nane. Hakuna aliyeiba. Jumanne nikapeleka pakiti kwa mfamasia. Akaigeuza, akasoma tarehe, akabonyeza foili kwa kidole.

"Ni zenyewe, na hazijaguswa. Nani amekutisha?"

Nikachukua pakiti, nikaondoka. Kama si vidonge, basi ni chakula... Na chai ya asubuhi huipika Mwendwa.

Jumatano nilimwaga kikombe changu kwenye sinki mbele yake.

"Chai yangu iko na nini?" aliuliza.

"Wewe niambie."

"Iko na majani na maziwa, Kavutha. Ulitaka iwe na nini?"

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilipofika kazini nikampigia kaka yangu, Kiema.

"Nafikiri Mwendwa ananiwekea kitu kwa chakula."

"Unafikiri ama unajua?"

"Nimeanguka mara tatu. Dawa sijaruka hata siku moja. Na kesho ananipeleka kliniki Machakos."

"Funga nguo. Kesho nakuchukua hapo kliniki na gari. Na huyo bwana aombe nisimpate hapo."

Alhamisi, saa tano kasoro robo, tulikuwa kliniki mjini Machakos. Nguo zangu zilikuwa ndani ya begi, chini ya kiti. Daktari Kamanthe aliomba video. Nikaitazama pamoja nao kwa mara ya kwanza.

Mkono wa Mwendwa ulionekana ukisukuma mbali sufuria ya uji moto. Kisha ukanilaza ubavu. Kisha ukaweka sweta yake chini ya kichwa changu. Sauti yake ilikuwa inahesabu sekunde.

"Safi kabisa," alisema daktari. "Wengine hushindilia kijiko mdomoni. Hivi ndivyo nilivyokuonyesha."

"Siku ile nilikuja peke yangu, ulisema nirekodi ikirudi," Mwendwa alijibu, "nikarekodi."

Nilikosa pa kuangalia.

"Kavutha, umeruka dozi?"

"Hapana."

"Umebadilisha saa?"

"Hapana."

"Kuna dawa nyingine? Hata ya kupanga uzazi?"

"Hapana."

Hapo nilidanganya, ndugu msomaji. Na nimekudanganya hata wewe, kwa kunyamaza.

Baada ya maneno ya Mwaitu, Mwendwa aliacha kutumia kondomu. Mimi sikuwa tayari kupata mtoto. Lakini karani wa faili pale kliniki anatoka kijiji kimoja na Mwaitu, na chochote kikiandikwa kwenye kitabu changu kingefika Wamunyu kabla yangu. Basi dawa ya kifafa nilichukua Machakos, na vidonge vya kupanga uzazi nikanunua kwa duka la dawa lililo karibu na geti la kiwanda, Athi River. Hakuna mtu aliyejua dawa zote mbili.

"Nauliza kwa sababu," daktari aliendelea, "vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kushusha lamotrigine mwilini hadi nusu. Unameza vizuri kila siku, na bado unaanguka."

Nilianza vile vidonge Machi tarehe mbili. Nilianguka wiki tatu baadaye.

Nikafungua mkoba. Nikaweka pakiti mezani.

Mwendwa aliisoma mara mbili.

"Tangu lini?"

"Machi."

"Na mimi nimekuwa mwenye sumu tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Mtagombana nyumbani," daktari alikata. "Sasa nisikizeni. Usiache chochote leo kwa kichwa chako. Ukikatiza hivi vya uzazi ghafla, lamotrigine inapanda, unaanza kuyumba na kuona vitu viwili viwili. Ukikatiza lamotrigine, utaanguka vibaya zaidi. Na usijiongezee kidonge. Dozi ni mimi nitapanga, na njia nyingine ya uzazi tutaitafuta pamoja."

Akaandika majina ya dawa zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Kama unatumia dawa ya kifafa, mtajie kila anayekupa dawa kila unachomeza, hasa kile unachoona haya kukitaja. Mimi nilihesabu vidonge thelathini na nane na nikaacha vile vilivyokuwa kwenye mkoba wangu.

Simu ikalia. Kiema.

"Niko kwa geti. Huyo mtu yuko wapi?"

Mwendwa alisikia. Akaangalia begi chini ya kiti, akaelewa.

"Weka spika," aliniambia.

Nikaweka.

"Kiema, hakuna mtu aliniwekea kitu. Dawa niliificha mimi mwenyewe."

Saa tano na dakika kumi na nne, kupitia simu, nilisikia Kiema akizima injini ya gari aliyoiweka tayari kunitorosha.