Dakika Kumi na Mbili za Mnara

Kama hujawahi kufika stesheni ya Busan mwezi wa Aprili, micheri inapochanua, hujui msukumano ni nini. Asubuhi hiyo ungedhani nchi nzima imeamka na wazo moja, kwenda Gyeongju. Foleni ya dawati la wageni ilikuwa imepinda mpaka mlangoni pa duka la mikate. Nyuma ya dawati alikaa Bang Dasom, suti ya buluu, skafu ya manjano shingoni, nywele kazibana kwa kalamu, akiwapangia watu safari huku anakula biskuti.

"Watoto wangapi? Wawili? Basi msilale karibu na hekalu, zile ngazi zitawaliza. Laleni jirani na makaburi ya wafalme, watoto wakimbie kwenye nyasi. Anayefuata!"

Alikuwa hodari na alijijua. Miaka sita pale dawatini, aliyewahi kurudi kulalamika ni mzee mmoja tu, naye alilalamikia mvua.

Aliyefuata alikuwa kijana mrefu, sweta ya kijivu, kalamu tatu zimepangana kwenye mfuko wa shati. Aliweka mezani karatasi iliyofunikwa plastiki.

"Safari yangu nimeshaipanga," alisema. "Naomba uikague tu."

"Niikague?"

"Mimi ni mkaguzi wa lifti. Naitwa Pyo Gijun. Kazi ambayo haijapitiwa na mtu wa pili siiamini."

Dasom akaisoma kwa sauti. "Saa nne na dakika tatu, kushuka basi. Saa nne na dakika kumi, mnara wa kutazamia nyota. Dakika kumi na mbili." Akainua macho. "Kaka, mnara umesimama pale zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu, wewe umeupa dakika kumi na mbili?"

"Una mita tisa. Nimepiga hesabu."

"Na ukishangaa kumi na tatu?"

"Nitachelewa bwawani, kituo kinachofuata."

"Na ukikutana na mtu ukatamani kuongea naye?"

Gijun aliitazama karatasi yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. "Huyo sikumpangia muda."

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Bibi mmoja mwenye kofia ya jua akapaza sauti kutoka nyuma, "Wewe binti, mpe namba ya simu yaishe! Wenzenu tuna treni!"

Dasom alicheka mpaka biskuti ikamkwama. Akachomoa kalamu kichwani, nywele zikamwagika mabegani, akaandika namba pembeni mwa ratiba na kuongeza neno: *Ukipotea.*

Saa nne na dakika ishirini na nusu simu yake ikaita.

"Umepotea?"

"Hapana. Nimemaliza kushangaa. Imebaki dakika moja na nusu, nikaona nikupigie."

Makubwa! Mtu wa hivyo utamfanya nini? Utampenda tu, na Dasom alimpenda.

Majira ya joto yakawakuta wako pamoja kila siku ya mapumziko. Walikuwa na duka lao walilolizoea la tambi baridi nyuma ya soko, na juu ya meza, katikati ya mabakuli, palitandikwa ramani ya Gyeongju. Kwa sababu safari yao wenyewe, ya wawili, ndiyo waliyokuwa wakiipanga miezi yote hiyo, na kila bakuli liliishia kwenye ubishi.

"Tunalala hotelini," alikuwa akisema Gijun. "Ina lifti nne. Nimezikagua mwenyewe."

"Mpenzi, nani anakwenda kwenye mji wa wafalme kulala na lifti? Tunalala nyumba ya vigae kwa Mama Chu. Sakafu inapashwa moto chini kwa chini, mgongo unapona wenyewe."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi tunapanda mlimani kumwona Buddha wa mawe, jua likichomoza. Halafu tunakula mikate ya maharagwe mpaka tujute."

"Kujuta dakika ngapi?"

"Siku nzima, laazizi."

Gijun alicheka, akaandika. Ilibaki kitu kimoja tu bila kuandikwa, tarehe. "Hiyo niachie mimi," alisema Gijun, na Dasom akamwachia.

Jumapili moja ya Juni walikodi baiskeli kwenye bustani ya kando ya mto. Mwenye baiskeli alitaka vitambulisho vibaki kwake. Gijun alipokea cha Dasom akakitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unakagua sura yangu?"

"Nakagua namba."

"Imepita?"

"Imepita," akasema, masikio yamemwiva.

Dasom alisahau. Ila kilikuwepo kitu kimoja kilichomkera kimyakimya. Huyu mwanaume aliyejua hata treni za kesho kutwa hajawahi kumuuliza siku yake ya kuzaliwa. Akajiambia, simwambii. Anayenitaka ataniuliza. Kiburi hicho alikirithi kwa bibi yake aliyemlea, mwanamke aliyeweza kununa tangu mavuno mpaka theluji.

Mwishoni mwa Septemba Gijun akapiga simu, sauti imechangamka.

"Kipenzi, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Oktoba usipange kitu."

"Oktoba hii? Aa, haiwezekani. Siku hiyo nina miadi, na siwezi kuivunja."

Miadi yenyewe ilikuwa walimu wastaafu arobaini, waliomwomba yeye na si mwingine awatembeze kwenye majani yanayoanza kuwa mekundu ya mlima Naejangsan. Angemaliza sentensi angemwambia. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mtu anagonga dawati.

Gijun akalirudia hilo neno. "Miadi? Siku hiyo hasa?"

"Kwani siku hiyo ina nini? Jumamosi kama Jumamosi nyingine."

"Sawa," alisema Gijun. "Sawa, Bi Dasom."

Bi Dasom! Tangu Aprili hajamwita hivyo. Alipompigia jioni simu haikupokewa, na kesho yake ilipokewa na mtu mwenye adabu nyingi mno. Oktoba ikapita hivyo, majibu ya neno mojamoja, kazi nyingi, nitakupigia. Mwisho wa mwezi walikutana kwenye duka la tambi. Ramani haikutandikwa.

"Nimepewa kituo Incheon, mwisho mwingine wa nchi," Gijun alisema, anakoroga bakuli bila kula. "Miaka miwili. Naanza mwanzoni mwa Desemba."

"Umeshakubali?"

"Sikuona sababu ya kukataa."

Sababu ilikuwa imekaa mbele yake imevaa koti jipya la rangi ya zabibu, lililonunuliwa kwa ajili ya safari ya Gyeongju. Dasom angeweza kusema usiende. Badala yake akasema, "Safari njema basi," akachukua mkoba akatoka, akalia ndani ya basi bila kujificha.

Novemba ikafika, na siku yake nayo. Bibi yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kuifuata kalenda ya ukutani. Kwake mtoto alizaliwa kwa mwezi mwandamo, siku ya kumi na mbili ya mwezi wa kumi, na mwaka huu hesabu hiyo iliangukia Jumanne katikati ya Novemba. Dasom aliamka akapika supu ya mwani, maana mtu hatimizi mwaka bila supu hiyo mezani. Akaila peke yake, simu imelazwa kando ya bakuli kifudifudi, halafu akaigeuza chali, halafu kifudifudi tena. Haikuita.

"Basi," aliiambia supu. "Nimejua."

Kesho yake alimpigia Mama Chu wa Gyeongju kumtafutia mgeni chumba.

"Shikamoo, Mama Mdogo. Una nafasi Ijumaa?"

"Marahaba, mwanangu. Nafasi ipo. Lakini niambie, yule kijana wako wa kalamu tatu, mbona hajaifuata sufuria yake?"

"Kijana gani?"

"Si yule uliyenitumia? Au hukumtuma wewe? Aliweka oda tangu Juni, nyumba nzima ya nyuma, watu wawili, tarehe kumi na mbili Oktoba. Akaja peke yake na sufuria. Namuuliza mwenzio yuko wapi, ananijibu ana miadi. Mwanangu, nilimwonea huruma! Alikaa kibarazani akala supu ya mwani sufuria nzima, na hiyo supu ilivyokuwa na chumvi! Nikamwambia hongera kwa siku yako ya kuzaliwa. Akasema, si yangu."

Dasom alifungua mkoba akatoa kitambulisho. Namba sita za mwanzo zilikuwa zinamtazama kama zilivyomtazama maisha yake yote: mwaka, mwezi wa kumi, siku ya kumi na mbili. Bibi alikwenda kumwandikisha ofisini akataja tarehe yake ya mwezi mwandamo, karani akaiandika vilevile. Na mkaguzi wa lifti, mtu asiyeamini maneno ila namba, akaisoma Juni, akaitunza moyoni, akajifunza kupika.

"Dasom? Unalia au unacheka?"

"Vyote, Mama Mdogo. Siku yangu tunaihesabu kwa mwezi mwandamo, ilikuwa jana! Ile nyumba ya nyuma, tarehe ishirini na tatu iko wazi?"

"Iko wazi."

"Niwekee. Watu wawili. Na sufuria isafishe."

Aliomba radhi kwa foleni nzima, akageuza kibao cha mapumziko, akachukua karatasi na rula. Mtu mwingine angepiga simu akalia. Dasom alikuwa na kazi yake aliyoijua kuliko wote, na aliifanya. Alipomaliza akaifunika plastiki, akaipiga picha, akamtumia Gijun.

*Jumamosi, tarehe ishirini na tatu.*
*Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi: kuwa ndani ya behewa la nne.*
*Saa mbili: treni kuondoka Busan.*
*Saa mbili na dakika kumi: Gijun ataambiwa kosa lake. Dakika tano.*
*Saa mbili na robo: Dasom ataomba radhi kwa kosa lake. Dakika kumi na tano, kwa sababu ni kubwa zaidi.*
*Saa nne na dakika kumi: mnara. Dasom atauliza swali. Dakika mbili.*
*Saa nne na dakika kumi na mbili: Gijun atajibu. Dakika kumi.*

Picha ilionekana kusomwa. Jibu halikuja. Siku hiyo halikuja, wala ya pili, wala ya kumi.

Jumamosi Dasom alivaa lile koti la zabibu, akapaka rangi ya mdomo, akasimama kwenye jukwaa la stesheni tangu saa moja na nusu, anatazama ngazi za umeme. Walishuka wanafunzi, wakashuka watawa wawili, wakashuka wapanda milima na fimbo zao. Kalamu tatu hazikushuka. Zikabaki dakika mbili treni iondoke. Akafikiri kurudi nyumbani. Halafu akasema, nyumba nimeiweka oda na mnara haujahama, nitakwenda hata peke yangu, kama alivyokwenda yeye. Akapanda.

Behewa la nne, kiti cha dirishani, alikaa Gijun, sweta ya kijivu, chupa ya chai mapajani.

"Ratiba inasema saa mbili kasoro kumi," alisema. "Umechelewa dakika nane."

"Wewe... muda wote ulikuwa humu?"

"Tangu saa moja na robo, walipofungua milango. Nilikuona dirishani. Nikajua nikitoka nje nitaharibu ratiba yako."

"Na siku zote hizi kunijibu ulishindwa?"

"Hukuandika kwamba inahitaji jibu." Kisha akafumba macho, na sauti ikamgeuka. "Niliogopa, Dasom. Nilidhani swali lako ni la kuagana, umelipanga vizuri kwa sababu wewe hupanga kila kitu vizuri."

Treni ikaondoka. Dasom hakungoja dakika ya kumi. Alimwekea kitambulisho mkononi akamweleza habari ya bibi, karani na mwezi mwandamo, na ya walimu wastaafu arobaini waliokuwa ndiyo miadi. Gijun aliangalia namba, akaangalia uso wake, akaangalia namba.

"Namba hii niliipitisha mimi mwenyewe," alisema polepole. "Bila mtu wa pili kuikagua."

"Ungeniuliza tu, mpenzi."

"Na wewe ungeniambia."

"Hilo ndilo kosa langu. Nimejipa dakika kumi na tano, usinikatize."

Alimkatiza kwa kufungua chupa. Harufu ya mwani ikajaa behewa. "Imechelewa siku kumi na moja," alisema. "Wiki iliyopita nilimpigia Mama Chu kuhusu sufuria, akaniuliza tu kwenu mnahesabu kalenda gani. Hakusema zaidi. Nikapika nikitumaini." Dasom akanywa palepale kwa kifuniko, na ilikuwa na chumvi mno, na akaimaliza.

Saa nne na dakika kumi walisimama mbele ya mnara. Nyasi zilikuwa zimekauka, upepo unapiga, wageni wanapiga picha.

"Incheon utakwenda," Dasom alisema. "Miaka miwili si kitu, treni zipo na anayezipanga ni mimi. Hilo si swali. Swali ni hili. Pyo Gijun, utanioa?"

Gijun alitia mkono kwenye mfuko wa shati. Kalamu zilikuwa mbili. Mahali pa ya tatu palikuwa na pete, imekaa humo, alisema, tangu tarehe kumi na mbili Oktoba. Alijaribu kumvisha, vidole vikakataa kwa baridi, ikabidi Dasom ajivishe mwenyewe.

"Hujajibu," alimwambia, machozi yanamshuka hadharani. "Nimekupa dakika kumi."

Gijun alitazama saa yake. Akaivua, akaitia kwenye mkoba wa Dasom, akaufunga.

"Nitakuoa," alisema. "Sasa tukae hapa tuutazame huu mnara."

Wakakaa kwenye nyasi kavu, na bwawani walichelewa.