Mbona Huniangalii, Radim?

Stesheni ya Brno asubuhi ile ilikuwa imefurika watu, na upepo wa Februari haukuwa na adabu hata kidogo. Blanka alikuwa anakimbilia treni ya Prague, koti lake la rangi ya haradali linapepea, mkono mmoja kashika chai, mwingine kakumbatia rundo la karatasi. Mtu mmoja mbele yake akageuka ghafla na boksi kubwa mgongoni. Pu! Chai chini, karatasi zote hewani.

"Jamani! Huoni na huo mzigo wako?"

"Samahani, dada. Mgongo hauna macho."

Alikuwa kijana mrefu mwenye skafu nyekundu. Akaanza kufukuzana na karatasi katikati ya miguu ya watu. Ile ya mwisho akaitazama, akasimama, halafu kwenye kelele zote zile akaanza kuimba taratibu nota zilizoandikwa pale. Moyo wa Blanka ukaruka. Hajawahi kumsikia mtu mwingine akiimba wimbo ule.

"Nani kaandika hii?"

"Anaitwa Otilie. Alikufa bila kuisikia simfoni yake hata siku moja. Niliikuta kabatini kwa wajukuu zake, chini ya vitambaa vya meza."

"Na wewe?"

"Mimi ni kiongozi wa okestra. Ila okestra sina."

Kijana akacheka. "Mimi Radim. Napuliza baragumu la shaba, lile lililojiviringa kama konokono. Okestra ninayo, na kiongozi wetu anastaafu."

Treni ikaondoka bila Blanka.

Basi ikawa ni simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, konokono wangu?"

"Nimekula nyama na mchuzi wa krimu."

"Peke yako? Huna huruma wewe."

"Njoo basi, mpenzi. Nimekubakizia mchuzi."

"Mchuzi mtupu!"

Vuli ilipofika Blanka akaitwa kujaribiwa kwenye okestra ya kina Radim. Pale wachezaji wenyewe ndio wanapiga kura kumchagua kiongozi, baada ya onyesho. Waombaji wengine walileta muziki ambao kila mtu anaujua. Blanka kaleta Otilie. Akishindwa, yeye anarudi kufundisha watoto piano, na Otilie anarudi chini ya vitambaa.

Mazoezi yakaanza. Sasa, kwenye okestra, mchezaji anayekuamini anakuinulia macho. Asiyekuamini anakodolea karatasi yake kama vile wewe hupo. Wengine walimwangalia Blanka mara mojamoja. Radim, hata mara moja! Anapuliza vizuri sana, lakini macho chini, uso mkavu kama ukuta.

Mama Hedvika, mpiga selo, ile fidla kubwa, wa siku nyingi, akasema kwa sauti, "Bi Blanka, hata mchumba wako hakuangalii. Sisi je?"

Watu wakacheka. Blanka naye akacheka, kwa kujilazimisha.

Jioni akapiga simu.

"Mbona huniangalii, Radim?"

"Nakusikiliza, mpenzi. Haitoshi?"

"Haitoshi! Unanionea aibu mbele ya wenzako?"

"Sio hivyo."

"Ni nini basi?"

"Nikikuambia utanicheka."

"Sina hata nguvu ya kucheka. Silali, chakula hakipiti. Kesho sehemu ya pili ya simfoni unaianza peke yako. Usiponiangalia, usinipigie tena."

Akakata. Kisha akakaa ameishika simu, anaomba ilie. Haikulia.

Siku ya onyesho alivaa gauni jeusi la mikono mirefu. Sehemu ya kwanza ikapita salama. Ukumbi ukatulia, mtu akakohoa, Blanka akainua kijiti chake cha kuongozea. Radim akainua macho.

Akamwangalia. Uso wake wote ukafunguka, akatabasamu vilevile kama siku ile stesheni, hakuweza kujizuia. Midomo ikalegea. Baragumu likatoa sauti ya bata aliyekanyagwa, halafu likakatika.

Hapo ndipo Blanka alipoelewa. Mtu hawezi kutabasamu na kupuliza. Siku zote zile Radim alikuwa anaificha furaha yake nyuma ya karatasi!

Radim kawa mweupe kama chaki. Mama Hedvika kafumba macho. Lakini hakuna mwingine aliyekuwa anapiga, na mkono wa Blanka haukushuka. Akainamisha macho yake yeye, akavuta pumzi ndefu, ya kusikika. Radim akaisikia. Akaanza upya, na sauti ikatoka nzima, laini, ikajaa ukumbi mpaka juu.

Na nani angejua? Simfoni yenyewe haijawahi kusikika popote. Bibi mmoja safu ya mbele alimnong'oneza mumewe, "Umesikia? Kwanza analia, ndio anaimba. Huyu mama aliyeuandika aliteseka."

Kura zikapigwa kantini, mlango umefungwa. Radim, kwa kuwa ni mchumba, hakuruhusiwa. Alisimama koridoni na Blanka, ambaye anatembea huku na huku, viatu mkononi.

"Nimekuharibia."

"Ungeniambia tu, Radim."

"Nikwambie nini? Kwamba nikikuona nageuka bata?"

Blanka akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea yenyewe. Radim akamkumbatia.

"Wakikukataa, utanikubali mimi? Nakuoa hata kesho."

"Na wakinikubali?"

"Nakuoa vilevile. Ila usisimame mbele yangu bila kununa."

Mlango ukafunguliwa. Mama Hedvika akawatazama, hakuna hata kicheko usoni.

"Vaa viatu, Bi Blanka. Kiongozi wetu hatembei peku." Halafu akamgeukia Radim. "Na wewe, bata, lile kosa lako watu wamelipenda. Tuliandike kwenye nota?"

"Hapana," Blanka akasema, anafuta machozi. "Tutapiga kama Otilie alivyoandika. Lile lilikuwa langu mimi."

Radim akatabasamu. Safari hii hakuwa na baragumu mdomoni.