Mstari Mwekundu Kuzunguka Kiwanja

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake, fundi vyuma alipanda ngazi kumi na nne kumwamkia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nje kukoje leo?"

Kiharusi kilikuwa kimempooza mama huyo upande wa kulia. Katika mwaka mzima alishuka mara mbili tu, tena kwa kubebwa kwenye kiti: siku ya kwenda hospitali na siku ya kumzika dada yake. Siku ya mazishi, mbebaji mmoja aliteleza. Hakuna aliyeumia, lakini mama alisema, "Basi. Niacheni huku juu. Sitaki mtu avunjike kwa ajili yangu."

Fundi na mkewe wakaamua kumjengea chumba na choo chini, nyuma ya nyumba. Wakapeleka maombi ya kibali cha ujenzi. Baada ya wiki tatu yakarudishwa na barua fupi: ramani ya eneo haitoshi.

Mke akaenda ofisini. Karani akaiweka ramani mezani. Fundi alikuwa ameichora mwenyewe kwa kalamu: nyumba, mlango, bomba la maji, na neno "hapa".

"Hapa ni wapi, mama?" karani akauliza.

"Kwa fundi vyuma. Mtaa mzima unapajua."

"Sikatai. Ila atakayeamua hajawahi kufika mtaani kwenu. Atapajuaje?"

Jioni mke akabisha hodi kwa jirani yao, mpima ardhi mstaafu. Watu walimwita Mama Futi, na walitania kwamba hata sukari ya chai huipima kwanza.

Mama Futi hakucheka alipoiona ile karatasi. "Kesho twende ofisi ya ardhi," alisema. "Tuchukue nakala ya ramani halali, ile mpya. Na hati ya kiwanja uibebe."

Kesho yake walitandaza ramani juu ya meza ya kulia chakula. Fundi naye akaketi, mikono bado ina masizi.

"Tazameni," Mama Futi alisema. "Mshale huu unaonyesha kaskazini. Kipimo ni hiki: sentimita moja hapa ni mita kumi kule nje. Barabara zina majina yake, angalau mbili, na nyumba za majirani zinaonekana. Sasa mgeni yeyote atafika bila kuuliza."

Akachukua kalamu nyekundu. "Mstari mwekundu unazunguka ardhi yote inayohusika na ujenzi, si chumba peke yake. Njia ya kutoka barabarani hadi kwenu nayo imo. Mchanga na saruji vitapita wapi? Karakana iliyo kiwanja cha pili ni yenu pia?"

"Yetu," fundi akajibu.

"Hiyo izungushieni bluu. Ni mali yenu, lakini hamjengi hapo."

Kalamu nyekundu ilipofika nyuma ya nyumba, ikasimama. Mama Futi akaitazama hati, kisha ramani, kisha fundi.

"Uzio wenu umeingia kwa jirani wa nyuma mita moja na nusu."

"Haiwezekani," fundi akasema. "Ule uzio aliujenga marehemu baba. Alinionyesha mpaka mwenyewe."

"Alikuonyesha alivyojua, mwanangu. Hakukudanganya. Lakini hati inasema hivi."

"Jirani hajawahi kulalamika."

"Akilalamika chumba kikishajengwa? Kinaweza kuvunjwa, na mama yako yumo ndani."

Fundi akainuka, akatoka. Alisimama kwenye uzio muda mrefu, mkono juu ya bati. Mkewe hakumfuata. Aliporudi, alisema kwa sauti ya chini, "Chora pale penye haki."

Chumba kikapungua. Mke akapima kitanda, kisha akapima kiti cha magurudumu na nafasi ya kukigeuza. Vilienea, kwa shida. Fundi akaenda kwa jirani wa nyuma, akamweleza yote, akamwomba radhi kwa niaba ya baba yake. Wiki hiyo hiyo akaung'oa uzio na kuusimika mahali pake.

Safari hii maombi yalipokelewa. Mkaguzi alikuja na ramani mkononi, akabisha mlangoni bila kumuuliza mtu njia. Alipima, akaandika, akaondoka. Baada ya miezi miwili kibali kikatoka.

Chumba kilipokamilika, mama alibebwa kushuka ngazi kwa mara ya mwisho. Walimweka kwenye kiti chake, ndani ya chumba kilichonukia rangi mpya. Mwanawe akashika vishikio vya nyuma ili amsukume.

"Achia," mama akasema.

Kwa mkono wake wa kushoto na mguu mmoja akajisogeza, polepole, akigongagonga ukuta, hadi akavuka mlango. Jua likampiga usoni. Safari hii hakuwauliza nje kukoje.